Mama Kevina, Msaidizi wa Waja Wazito

Teresa Kearney alizaliwa katika nchi ya Ireland tarehe 28 Aprili 1875. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, akimwacha mkewe mja mzito. Teresa alipopata miaka kumi mama naye akafa, naye akalelewa na bibi yake. Baadaye aliingia katika shirika la watawa wa Mtakatifu Fransisko huko Uingereza, akaitwa Sista Kevin. Mwezi wa Januari 1903 akafika Nsambya, katika Uganda, pamoja na masista wenzake watano, wakaanza kutibu wagonjwa chini ya mti.

Kwa desturi ya Waganda wa siku zile mwanamke hakula kuku, wala mayai, wala nyama ya kondoo. Basi mja mzito alinyimwa vyakula vya kumtia nguvu, yeye na mtoto aliye tumboni. Tena palikuwa na kizuizi cha pili, nacho kilitoka kwetu wenyewe: sheria ya Kanisa iliwakataza watawa kazi ya ukunga.

Mama Kevin hakukaa akitazama wanawake wakifa. Kwa msaada wa daktari Evelyn Connolly, asiye mtawa, alianzisha Nsambya shule ya uuguzi na ukunga, ili wasichana wa nchi wawahudumie mama zao. Mwaka 1923 akaanzisha shirika la masista Waafrika, nao wamefika hata Tanzania. Yeye na wengine waliiomba Roma bila kuchoka, hata mwaka 1936 ruhusa ya ukunga ikatolewa.

Alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba 1957. Waganda, waliomwita Mama Kevina, walitaka mwili wake urudi kwao, ukazikwa Nkokonjeru.

Nasi wa Kilolo tujifunze. Ikiwa Kanisa lilibadili sheria yake ili kuokoa uhai, sisi tutang'ang'aniaje mwiko unaodhuru? Desturi ya kumpumzisha mzazi ni njema, tuishike. Lakini kumkataza mja mzito mayai, au kuficha mimba kwa kuogopa watu wabaya, tuache. Enyi waume, wapelekeni wake zenu kliniki kabla miezi mitatu haijaisha, wala msingoje uchungu uanze usiku, mvua ikinyesha milimani na njia zikiteleza. Nanyi walimu, yafundisheni haya shuleni, kwa wavulana na wasichana pia.