Ramón y Cajal: Mtoto mtukutu aliyefumbua siri ya ubongo

WATAALAMU wanaotafuta njia za kuuelewa ubongo wa binadamu na kuuongezea uwezo, hadi leo wanajenga juu ya msingi uliowekwa na Mhispania ambaye utotoni wengi walimkatia tamaa, Santiago Ramón y Cajal.

Mtoto huyo wa daktari alizaliwa Mei 1, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Akiwa na umri wa miaka 11 aliunda mzinga wake mwenyewe, akabomoa lango la jirani na kuishia mahabusu kwa siku kadhaa. Alitamani kuwa mchoraji, jambo ambalo baba yake, Justo Ramón, hakutaka hata kulisikia. Mzee huyo alimpeleka kwa kinyozi na baadaye kwa fundi viatu ili akajifunze adabu.

Mwaka 1868 baba alibadili mbinu. Alimchukua mwanawe hadi makaburini kuokota mifupa ya binadamu, kijana akawa anaichora huku akijifunza maumbile ya mwili. Mwaka 1873 alihitimu udaktari mjini Zaragoza, kisha jeshi likampeleka Cuba, koloni la Hispania lililokuwa vitani. Malaria na kuhara damu vilimrejesha nyumbani mwaka 1875 akiwa hoi.

Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja ulioungana kila upande. Mtaliano Camillo Golgi alikuwa amegundua, mwaka 1873, namna ya kutia seli chache za neva rangi nyeusi kwa kutumia chumvi ya madini ya fedha, lakini naye aliona wavu ule ule.

Cajal aliiona rangi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1887, nyumbani kwa daktari Luis Simarro mjini Madrid, akavutiwa nayo mno. Aliiboresha kwa kuzamisha vipande vya ubongo mara mbili. Aidha, alichagua viinitete vya ndege na wanyama wachanga, ambao nyuzi zao za neva bado hazijafunikwa na utando wa mafuta. Mwaka 1888, akiwa Barcelona, aliona katika ubongo wa nyuma wa kuku kile ambacho wengine hawakukiona: kila seli inajitegemea, na ncha zake hukaribia seli nyingine bila kuungana nayo.

Nje ya Hispania ni wachache waliosoma Kihispania. Cajal alitoa mfukoni mwake fedha za kuchapisha jarida lake, nakala 60 tu, akazituma kwa wasomi wa nje. Kimya kilipozidi, mwaka 1889 alifunga safari hadi Berlin na hadubini yake, akawaonyesha wataalamu ana kwa ana. Mwanazuoni mashuhuri Albert von Kölliker alitazama, akaridhika, na tangu hapo akawa mtetezi wake.

Mwaka 1906 Cajal na Golgi waligawana Tuzo ya Nobel. Jambo la ajabu ni kwamba Golgi aliitumia hotuba yake ya Stockholm kuishambulia hoja ya mwenzake aliyeketi ukumbini.

Hoja hiyo haikuwa ya kitaaluma tu. Kama seli hazikuungana, basi miunganiko yao ingeweza kubadilika. Katika mhadhara alioutoa London mwaka 1894, Cajal alieleza kwamba mazoezi ya akili huenda yakastawisha matawi ya seli na njia mpya za mawasiliano, hata kama idadi ya seli haiongezeki. Hata hivyo, katika kitabu chake cha 1913 na 1914 alikiri kwamba njia za neva za mtu mzima zikishaharibika hazioti tena, akawaachia watafiti wa baadaye kazi ya kulibadili hilo. Ni suala linaloumiza vichwa vya madaktari wa kiharusi na majeraha ya uti wa mgongo hadi sasa.

Golgi alifariki dunia mwaka 1926 akiwa hajabadili msimamo wake. Cajal alifariki mjini Madrid Oktoba 17, 1934. Katika miaka ya 1950, hadubini za elektroni ndizo zilizoonyesha waziwazi mwanya mwembamba unaotenganisha seli moja ya neva na nyingine.