Maisha ya Bwana Gunpei Yokoi, Fundi wa Mashine za Karata

Wanafunzi wenzangu nanyi mliotutangulia katika shule hii, nataka kuwapa habari za maisha ya mtu mmoja wa Japani, Bwana Gunpei Yokoi. Jina lake halimo katika vitabu vyetu vya historia, lakini kazi ya akili yake imeshikwa na mikono ya mamilioni ya watu.

Sababu ya kuzitafuta habari zake ni hii. Mwaka jana mzee mmoja aliyesoma hapa zamani alituletea sanduku la vitu vikuukuu. Ndani yake mlikuwa na kidude cha kijivu, ukubwa wa kitabu kidogo cha sala, chenye kioo na vifungo vichache. Kwa kuwa mimi ndiye mtunza jenereta na taa za bweni, nilipewa nikitazame. Nikakwangua kutu, nikatia betri nne ndogo, kikawaka. Kilikuwa ni Game Boy, chombo cha michezo kilichobuniwa miaka mingi kabla sijazaliwa. Nikataka kumjua aliyekibuni.

Bwana Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba, 1941, katika mji wa Kyoto. Alisoma elimu ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini humo humo. Alipomaliza aliomba kazi katika makampuni makubwa ya umeme, lakini hayakumchukua. Basi mwaka 1965 akaingia katika kampuni iliyokuwa karibu na kwao, iitwayo Nintendo.

Msidhani kuwa Nintendo ya siku zile ilikuwa kama hii ya leo. Ilianzishwa mwaka 1889 na Bwana Fusajiro Yamauchi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Wajapani walijifunza karata kwa Wareno, na mpaka leo huziita karuta. Kiswahili nacho kililipata neno karata kwa Wareno hao hao. Karata za Bwana Fusajiro zilichorwa maua na miti ya miezi kumi na miwili, kila mwezi karata nne, jumla yake 48. Yokoi alipoingia, mkuu wa kampuni alikuwa Bwana Hiroshi Yamauchi, kitukuu cha mwanzilishi. Naye alikuwa katika mashaka, maana karata hazikununuliwa tena kama zamani. Alikuwa amejaribu biashara nyingine, hata ya teksi, lakini hazikudumu.

Kazi aliyopewa Yokoi, mtu aliyetoka chuo kikuu, ilikuwa kuzitunza mashine za karata zisiharibike. Wengi wetu tungeona haya kuwaandikia wazazi habari kama hiyo. Tena mashine zikiwa nzima, hakuwa na la kufanya. Kwa kupitisha wakati akaunda mkono wa vijiti vilivyopishana: ukibana mashikio yake unarefuka na kukamata kitu kilicho mbali, ukiyaachanisha unarudi. Siku moja Bwana Yamauchi akamwona akiuchezea saa za kazi, akamwita ofisini. Yokoi akaenda akitazamia kukemewa. Kumbe alitakiwa autengeneze mkono ule uwe kitu cha kuuza! Ukatoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, na iliuzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo Yokoi akaondolewa kwenye mashine, akawekwa katika kazi ya kubuni michezo.

Lililonivuta zaidi katika maisha yake ni njia yake ya kufikiri. Hakukimbilia vitu vipya vya bei kubwa. Alichukua kitu kilichokwisha kuzoeleka, ambacho mafundi wanakijua vizuri na bei yake imeshuka, kisha akakitafutia kazi mpya isiyofikiriwa na mtu.

Nitatoa mfano. Katika miaka ya 1970 makampuni ya Japani yalishindana kuuza mashine ndogo za kufanyia hesabu, hata bei zake zikaanguka. Siku moja Yokoi, akiwa ndani ya garimoshi, alimwona mtu mzima akibonyeza-bonyeza mashine ya namna hiyo. Hakuwa akihesabu kitu. Alikuwa akijiondolea uchovu wa safari tu. Yokoi akawaza kwamba watu kama huyu wangefurahia mchezo mdogo unaofichika kiganjani. Baadaye dereva wa Bwana Yamauchi akaugua. Gari la mkubwa lilikuwa na usukani upande wa kushoto, jambo lisilo la kawaida Japani, na Yokoi alijua kuliendesha, basi akaitwa yeye. Njiani akalieleza wazo lake, ingawa mkubwa hakuonyesha kulijali sana. Lakini katika mkutano waliouendea, Bwana Yamauchi aliketi karibu na mkuu wa kampuni ya Sharp, iliyotengeneza mashine za hesabu, akamweleza habari hiyo. Hivyo mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, yaani mchezo na saa pamoja, yenye kioo cha namna ile ile ya mashine za hesabu. Miaka yote ya kuuzwa kwake zilinunuliwa zaidi ya milioni 43. Tena kwa moja ya michezo hiyo, mwaka 1982, Yokoi alibuni kifungo cha umbo la msalaba cha kuongozea juu, chini, kushoto na kulia.

Mwaka 1989 yeye na wenzake wakatoa Game Boy. Vioo vya rangi vilikuwapo tayari, lakini Yokoi hakuvitaka, kwa sababu vilikuwa ghali na vilikula umeme mwingi. Washindani wake, Atari na Sega, walitoa vyombo vyenye rangi za kupendeza, lakini vilitaka betri sita, nazo zilikwisha baada ya saa chache. Game Boy ilitaka nne tu, zikakaa muda mrefu zaidi. Watu wakachagua kile walichoweza kukinunua na kukitumia. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyetoka mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Isiwe nasimulia mema peke yake. Mwaka 1995 Yokoi alitoa chombo kiitwacho Virtual Boy. Mchezaji aliinamisha uso ndani ya chombo kilichosimama mezani, akaona picha nyekundu katika giza. Wengi walilalamika kuumwa macho na kichwa. Hazikufika hata 800,000 zilizouzwa, na kabla ya mwaka 1996 kwisha chombo hicho kilikuwa kimeachwa. Mwaka huo huo 1996 Yokoi akatoka Nintendo, baada ya miaka 31, akaanzisha kampuni yake ndogo mjini Kyoto, iitwayo Koto. Hakukaa nayo sana. Tarehe 4 Oktoba, 1997, gari alilopanda liligongana kidogo na jingine barabarani. Aliposhuka kutazama, akagongwa na gari lililokuja nyuma. Akafa akiwa na umri wa miaka 56.

Mimi namaliza shule mwaka huu. Sijui kama nitapata nafasi ya chuo kikuu, wala kama kazi nitakayopewa itakuwa ya kujivunia. Zamani niliona uchungu wenzangu waliponiita Bwana Jenereta. Siku hizi naitika. Yokoi naye alianza kwa kutunza mashine za watu wengine, na saa alizokosa kazi hakuzilalia.

Game Boy yetu iko katika kabati la bweni, na kila Jumamosi wadogo hupanga foleni kuichezea. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, vitu vyenu vilivyochakaa msivitupe. Tuleteeni, pengine tutaviona vina kazi nyingine.