William Bateson: Mvulana Aliyedhaniwa Hana Mwelekeo

Tarehe 8 Agosti, 1861, katika mji wa Whitby ulioko pwani ya Yorkshire, Uingereza, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la William Bateson. Baba yake alikuwa mkuu wa Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na yeyote angalitazamia kwamba mwana wa msomi huyo angeng'ara darasani. Haikuwa hivyo. Alipopelekwa katika shule ya Rugby, walimu wake walimhesabu kuwa mvulana asiyejua aendako, wakatia shaka kama angefaulu katika jambo lolote. Hisabati, hasa, ilimtaabisha sana.

Alipoingia katika chuo cha baba yake, mambo yaligeuka. Sasa mbele yake palikuwa na viumbe vya kupasua, kuchora na kulinganisha. Mwaka 1883 alihitimu sayansi kwa daraja la kwanza. Kisha alikwenda Marekani kuchunguza kiumbe mfano wa mnyoo aishiye katika mchanga wa baharini, akaonyesha kwamba kiumbe huyo ana udugu na wanyama wenye uti wa mgongo. Mwaka 1886 alisafiri hadi nyika za Asia ya Kati, akakusanya makombe katika maziwa yenye chumvi ya viwango mbalimbali, apate kujua kama maji hubadili umbo la kiumbe. Hakupata jibu rahisi, lakini swali halikumtoka moyoni: kwa nini viumbe wa jamii moja hutofautiana, na tofauti hizo hurithiwaje?

Mwaka 1894 alitoa kitabu kikubwa chenye mamia ya mifano ya tofauti hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba aghalabu tofauti hutokea kwa hatua kubwa, wala si kidogo kidogo tu. Hoja hiyo ilimgombanisha na wataalamu waliotegemea vipimo na takwimu, akiwamo Walter Weldon, rafiki yake wa tangu ujana. Urafiki wao ulivunjika.

Mwaka 1900 kazi ya Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyefanya majaribio ya njegere na kuyachapisha mwaka 1866, iligunduliwa upya na wataalamu wa Ulaya. Bateson alitambua mara moja kwamba humo mlikuwa na ufunguo alioutafuta. Alisimamia kazi hiyo itafsiriwe kwa Kiingereza, na mwaka 1902 akaandika kitabu cha kumtetea Mendel. Mwaka 1905, katika barua, alipendekeza jina la elimu hii mpya, ambayo kwa Kiswahili tunaiita jenetiki, na mwaka 1906 akalitangaza mbele ya mkutano wa wataalamu mjini London.

Inafaa tuangalie alivyofanya kazi. Fedha zilikuwa chache. Nyumbani kwake katika kijiji cha Grantchester alifuga kuku na kupanda mimea, mkewe Beatrice akimsaidia. Wasaidizi wake wengi walikuwa wanawake wa Chuo cha Newnham, akiwamo Edith Rebecca Saunders, wakati ambapo Cambridge haikuwapa wanawake shahada. Kwa kuku hao alionyesha kwamba sheria za Mendel hazihusu mimea peke yake. Yeye na Reginald Punnett walichunguza upanga wa jogoo, ule mnofu mwekundu wa utosini. Walipozalisha kuku wa aina mbili zenye upanga wa maumbo tofauti, vifaranga wote walitoka na umbo la tatu. Vifaranga hao walipokua na kuzalishwa wao kwa wao, katika kila wajukuu 16, kwa wastani 9 walikuwa na umbo hilo la tatu, 3 umbo la babu mmoja, 3 la babu wa pili, na 1 umbo la nne ambalo halikuonekana kwa mababu wala kwa wazazi.

Bateson aliwahimiza watafiti wasitupe jambo linalokwenda kinyume cha kanuni, kwani huenda ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Jambo la namna hiyo lilimfikia yeye mwenyewe. Katika njegere za maua ya harufu nzuri, yeye, Saunders na Punnett waliona kwamba rangi ya ua na umbo la chavua havikugawanyika kwa hesabu ya Mendel. Mara nyingi vilirithiwa pamoja. Hawakuificha habari hiyo, bali waliichapisha. Lakini maelezo sahihi yalitolewa na Thomas Hunt Morgan wa Marekani mwaka 1911: jeni zilizo katika kromosomu moja husafiri pamoja. Kwa miaka kumi hivi Bateson aliyakataa. Mwishoni mwa mwaka 1921 alitembelea maabara ya Morgan mjini New York, akatazama kwa macho yake, kisha akakiri hadharani mjini Toronto kwamba kazi hiyo ilistahili heshima, ingawa mashaka yake hayakuisha yote.

Tangu mwaka 1910 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya John Innes huko Merton, karibu na London. Miaka yake ya mwisho ilikuwa na majonzi: mwanawe mkubwa aliuawa vitani mwaka 1918, na wa pili alifariki mwaka 1922. Wa tatu, Gregory, aliyepewa jina la Mendel, alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa elimu ya jamii. Bateson alifariki tarehe 8 Februari, 1926.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, punde utapewa darasa na daftari la maendeleo ya watoto. Kabla hujaandika kwamba mtoto fulani hana mwelekeo, jiulize kama umewahi kumpa kitu cha kushika, kupima na kulinganisha, au umempa maneno ya kukariri tu. Banda la kuku la shule na bustani ya maharage vyatosha kuanzia. Na mtoto akileta jibu lisilolingana na lako, usilifute upesi. Nenda naye mkatazame tena. Bateson mwenyewe alichukua miaka kumi kabla ya kufunga safari hiyo.