Nguyen Thi Dinh: Jenerali aliyeanzisha vita kwa bunduki za mnazi

WENGI waliofuatilia vita vya Vietnam kupitia magazeti na filamu huwakumbuka wapiganaji wa msituni wa nchi hiyo kwa mambo machache: mahandaki ya chini kwa chini, mitego ya mianzi iliyochongwa na subira isiyokuwa na kikomo. Jina linalotajwa zaidi ni la Jenerali Vo Nguyen Giap, aliyewashinda Wafaransa pale Dien Bien Phu mnamo 1954. Ni wachache wanaojua kwamba naibu kamanda wa majeshi ya ukombozi ya Kusini, kuanzia 1965 hadi vita vilipomalizika 1975, alikuwa mwanamke, binti wa wakulima, aliyeanzisha uasi wake akiwa na bunduki za kuhesabika kwa vidole.

Nguyen Thi Dinh alizaliwa mwaka 1920 katika kata ya Luong Hoa, mkoani Ben Tre, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Ben Tre ni nchi ya visiwa vilivyozungukwa na matawi ya Mto Mekong yanayomwaga maji baharini. Msomaji aliyelelewa Kilifi au Kwale asingejihisi mgeni huko, kwa maana minazi imetanda kila upande, na mitumbwi ilikuwa ndiyo njia ya kufika sokoni. Mpunga ulikuwa mwingi. Lakini mashamba yalikuwa ya makabaila, na kodi ilikuwa ya Mfaransa.

Siasa aliijulia gerezani kabla ya kuisoma kitabuni. Kaka yake alikamatwa kwa kupinga ukoloni, na Dinh, akiwa bado msichana mdogo, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Huko aliyaona majeraha ya kipigo. Alipofika umri wa miaka 16 alikuwa tayari akibeba ujumbe wa siri kutoka kijiji hadi kijiji, na mwaka 1938 akajiunga na Chama cha Kikomunisti. Aliolewa na Nguyen Van Bich, mwanaharakati mwenzake, wakajaliwa mtoto wa kiume. Mtoto akiwa na umri wa siku tatu tu, baba yake alikamatwa.

Mnamo Julai 1940 zamu ikawa yake. Alimwacha mwanawe wa miezi saba mikononi mwa wazazi wake, akapelekwa katika gereza la Ba Ra, ndani ya misitu yenye malaria. Mumewe alipelekwa kisiwa cha Con Dao, ambako wafungwa wengi wa kisiasa waliingia na hawakutoka. Alifia huko mwaka 1942. Dinh alipoachiliwa 1943 kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, alirudi kijijini akiwa mjane wa miaka 23, chini ya ulinzi wa polisi.

Wengi wangekoma hapo. Yeye, mnamo Agosti 1945, Wajapani waliposalimu amri, alikuwa miongoni mwa waliouongoza umati kuutwaa mji wa Ben Tre. Mwaka uliofuata, Wafaransa wakiwa wamerejea, alisafiri kwa mashua hadi Kaskazini pamoja na ujumbe wa Kusini, akaonana na Ho Chi Minh na kumweleza kwamba watu wake walikuwa wakipigana kwa mikuki na mapanga. Mwishoni mwa 1946 alikabidhiwa mashua yenye tani 12 za silaha azirudishe nyumbani. Aliipitisha katikati ya doria za Wafaransa na kuifikisha Ben Tre salama. Katika miaka ya 1960, meli za siri zilizosheheni silaha zilifuata njia hiyo ya baharini.

Mkataba wa Geneva wa 1954 uliigawa Vietnam kwa muda tu, na uchaguzi wa kuiunganisha ulipangiwa 1956. Haukufanyika. Katika kipindi hicho wakomunisti wengi walihamia Kaskazini, na Dinh akamtuma mwanawe huko asome. Yeye alibaki. Hakumwona tena. Kijana huyo alifariki kwa ugonjwa huko Kaskazini mwaka 1960, mama yake akiwa katika kilele cha mapambano.

Miaka mitano baada ya Geneva ilikuwa miaka ya kuwindwa. Serikali ya Ngo Dinh Diem mjini Saigon iliwasaka wakomunisti nyumba kwa nyumba, na sheria iliyopitishwa 1959 ikaunda mahakama za kijeshi zilizosafiri vijijini na kutoa hukumu za kifo. Wakati huo wote chama chenyewe kilikuwa kimewakataza wafuasi wake wa Kusini kushika silaha. Uamuzi wa kuruhusu vita ulifikiwa Hanoi mnamo Januari 1959, lakini ulichukua miezi kadhaa kuwafikia walengwa. Dinh aliupokea mwishoni mwa mwaka huo, na hakungoja.

Uasi ulianza Januari 17, 1960, katika kata tatu za wilaya ya Mo Cay. Kwanza kikundi kidogo kilimshambulia na kumuua mkuu wa askari wa eneo hilo, kikanyakua bunduki zake. Kisha usiku ukaingia, na hapo ndipo ilipofanyika kazi yenyewe. Vijiji vizima vilipiga ngoma, mabati na vigogo vya mbao kwa wakati mmoja. Fataki zililipuliwa gizani. Vijana walipita wakiwa wamebeba bunduki zilizochongwa kwa upongoo, ule uti mgumu wa kuti la mnazi, zikapakwa rangi nyeusi. Uvumi ukaenezwa kwamba kikosi kikubwa kimewasili. Askari waliokuwa katika vituo vidogo vya ulinzi, wakiwa hawajui idadi ya adui, walikimbia au wakasalimisha silaha zao. Bunduki ya mnazi ikawa imezaa bunduki ya chuma. Historia rasmi ya Vietnam husema kwamba katika wiki moja kata 47 ziliinuka, na 22 kati yazo zikatoka kabisa mikononi mwa serikali.

Sisi wanahabari tuna mazoea ya kumpima jenerali kwa mizinga aliyonayo. Kwa kipimo hicho, kilichofuata hakieleweki. Saigon ilituma maelfu ya wanajeshi kuizima Mo Cay, na waasi hawakuwa na uwezo wa kuwakabili. Dinh hakuwaamuru wapigane. Badala yake, maelfu ya wanawake walipanda mitumbwi wakiwa na watoto, mablanketi, vyungu, kuku na hata nguruwe, wakaenda kupiga kambi mjini mbele ya ofisi za wilaya. Walidai kwamba wamekimbia mauaji yaliyofanywa na wanajeshi, na kwamba hawatarudi makwao hadi wanajeshi hao waondolewe. Kuwafyatulia risasi mchana kweupe, sokoni, kulikuwa vigumu. Kuwalisha pia kulikuwa vigumu. Baada ya siku kadhaa wakubwa walilegeza kamba. Kutokana na tukio hilo likazaliwa jina la Jeshi la Nywele Ndefu.

Mbinu hiyo ilikuja kufundishwa kote Kusini kama shambulizi la ncha tatu: silaha, maandamano ya kisiasa, na kuwashawishi askari wa upande wa pili. Ncha hii ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa ya ajabu zaidi. Askari wa Saigon walikuwa vijana wa vijiji vilevile, na mwanamke aliyesimama mbele ya kituo cha ulinzi aliweza kumwita askari kwa jina la utotoni, akamweleza habari za mama yake. Wengine waliacha kazi usiku huohuo. Kwa wale waliothubutu kuingia mashambani, kulikuwa na mashimo yenye miti iliyochongwa na mizinga ya nyigu iliyotegwa njiani.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa ya ngoma na mitumbwi pekee. Wapiganaji hao waliwaua maelfu ya maafisa wa vijijini katika miaka hiyo na iliyofuata, na walimu wakiwemo. Mwanakijiji aliyetaka kukaa kando hakuachiwa nafasi na upande wowote. Ben Tre yenyewe ililipa gharama kubwa: wapiganaji walipoingia mjini wakati wa mashambulizi ya Tet, Februari 1968, mabomu na mizinga ya Marekani na washirika wake iliuvunja sehemu kubwa ya mji huo pamoja na wakazi wake.

Dinh wakati huo hakuwa tena Ben Tre. Chama cha Ukombozi wa Kitaifa cha Kusini kilipoundwa Desemba 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1965 akateuliwa naibu kamanda. Mnamo 1974 alitunukiwa cheo cha meja jenerali, mwanamke wa kwanza kukipata katika jeshi hilo. Wenzake walizoea kumwita Dada Ba, jina la nyumbani ambalo halikufutwa na nyota za begani.

Baada ya vita aliongoza Muungano wa Wanawake wa Vietnam kuanzia 1982, akipigania wajane na akina mama waliorudi mashambani bila waume na bila wana, jambo alilolijua kwa uchungu wake mwenyewe. Mwaka 1987 alichaguliwa naibu mwenyekiti wa Baraza la Taifa. Moyo uliomtoa gerezani 1943 ulimshinda Agosti 26, 1992, akiwa na umri wa miaka 72.

Mkoa wa Ben Tre haupo tena katika ramani. Uliunganishwa na mikoa jirani mnamo Julai 2025 na kuitwa Vinh Long. Huko Luong Hoa, hata hivyo, limejengwa hekalu la kumbukumbu yake.