Elijah Masinde, amri za matuta na maji yanayotoka kwa ploti yako

Kabla watu hawajamwita nabii, Elijah Masinde alikuwa mwanasoka. Na si wa kucheza Jumapili tu uwanja wa shule. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda. Ukiuliza wazee wa Kimilili habari zake, mmoja ataanzia kwa mpira, mwingine kwa jela, mwingine kwa unabii. Mimi leo naanzia kwa kitu ambacho vijana wengi hawakihusishi naye: shamba, udongo na maji ya mvua. Ugomvi wake na serikali ya mkoloni uliwaka hapo, juu ya nani ana haki ya kukuamrisha ufanye nini kwa ardhi yako. Na hilo swali bado liko nasi kila ploti mpya inapojengwa Bungoma na Kitale.

Masinde alikuwa Mbukusu, akazaliwa karibu na mwaka 1910 upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Aliingia kanisa la Friends, wale Waquaker, kisha wakamtenga alipooa mke wa pili. Akapata kazi ya kupeleka hati za mahakama ya kienyeji. Yaani alikula mshahara wa mfumo uleule aliokuja kuupiga vita, kwa hiyo akiukataa alikuwa anajua anachokataa.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa masetla. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 kubeba mahindi yao, na wenyeji waliokuwa wakilisha ng'ombe kule wakageuka maskwota, wanafanya kazi kwa ardhi waliyokuwa wakiitembea bure. Waliobaki wakabanwa kwa rizavu. Watu wakizidi na ardhi ikipungua, utalima hata mteremko ambao babu yako aliuacha nyasi. Ukishaondoa nyasi kwa mteremko, mvua ya kwanza inabeba udongo. Maafisa wa kilimo waliuona huo mmomonyoko, na hawakuwa wanadanganya. Miaka ya 1930 dunia nzima ilikuwa imeshtuka na vumbi lililokuwa likipeperusha mashamba ya Marekani.

Shida ni dawa waliyoleta. Badala ya kurudisha ardhi, walileta amri. Chimba matuta. Ng'oa gugu. Punguza ng'ombe. Chifu anasimamia, usipotokea unashtakiwa. Kule Murang'a watu waligoma kuchimba matuta mwaka 1947. Huku Kimilili moto ulishawaka mapema. Mwaka 1944 amri ilikuwa kung'oa marigoldi ya Meksiko, lile gugu la harufu kali linalojaa shambani, na Masinde na wenzake wakakataa. Akakataa pia vijana kuchukuliwa kwa lazima kufanya kazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akafungwa. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Hebu fikiria: unakataa amri, unaandikwa mwendawazimu.

Wakati huo Dini ya Msambwa ilishaanza, dini ya kumrudia Mungu wa mababu na kuwataka wageni waondoke. Alipotoka Mathari hakunyamaza. Septemba 1947 aliwaongoza watu kwa maelfu hadi Chetambe, karibu na Webuye, pale Wabukusu walipouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, wakawakumbuka wafu wao. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde alikuwa mafichoni. Alikamatwa mwezi huohuo na dini ikapigwa marufuku. Wakamsafirisha mpaka Lamu, mbali kabisa na Elgon, na akakaa kifungoni zaidi ya miaka 10. Lakini wafuasi wake walikuwa wameenea hadi mashamba ya masetla kuzunguka Kitale, na huko serikali iliendelea kukosa usingizi.

Hapa ndipo mimi natofautiana na wanaomsimulia kama shujaa asiye na doa, na pia na wanaosema alikuwa mpinga maendeleo. Matuta yenyewe yalikuwa na akili. Kazi yake ni moja: kukata mbio za maji. Maji yakishuka mteremko mrefu yanaongeza kasi, na yakiongeza kasi yanabeba udongo. Ukiyakatiza kila baada ya hatua kadhaa yanapoa, yanazama ardhini. Baadaye wakulima wa Ukambani waliyafanya kuwa yao, wakichimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Mpaka leo wataalamu wa nchi nyingine wanaita hiyo mbinu kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Hydrolojia haikuwa adui wa Masinde. Kiboko ndicho kilikuwa adui. Na ukimfundisha mtu kitu kizuri kwa kiboko, kizuri kinanuka kiboko miaka mingi. Naamini sehemu ya dharau yetu kwa mitaro ilianzia huko.

Masinde alirudi nyumbani uhuru ukikaribia. Ungedhani mambo yangemnyookea. Wapi! Dini ya Msambwa iliandikishwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena 1968, sasa na serikali ya Waafrika. Akaingia na kutoka jela za Kenyatta mpaka Moi alipoingia madarakani 1978 na kumwachilia. Akafa mwaka 1987.

Katika hiyo miaka yake ya jela, ardhi aliyoipigania ilikuwa inabadilika. Baadhi ya mashamba ya masetla yalikatwa kuwa skimu, Ndalu, Naitiri, Tongaren na kwingine. Baba akakatia wanawe, watoto wakakata tena. Leo pembeni ya barabara ya Kitale kwenda Webuye unaona kibao cha ploti za futi 50 kwa 100 pale ambapo palikuwa na mahindi. Na ploti ikijengwa, kile maafisa wa miaka ya 1940 walikiogopa kwa mteremko uliolimwa kinarudi kwa sura nyingine. Lori na tingatinga zinashindilia udongo. Nyasi zinaondoka. Juu linakuja paa la mabati, chini kabro au simiti, kwa sababu mpangaji hataki matope. Hakuna tone linaloingia ardhini.

Tufanye hesabu, na hii hata mimi niliyeacha chuo njiani naiweza. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwa mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba. Mvua ya alasiri ya milimita 30, ambayo si ajabu kwetu, inalipa hilo paa lita 2,400, yaani mitungi 120 ya lita 20. Ploti nzima ya 50 kwa 100 inapokea karibu lita 14,000. Zamani nyingi zingezama polepole. Sasa zinatoka kwa geti zote pamoja, ndani ya muda mfupi, pamoja na za jirani na za jirani wa jirani. Aliye chini ndiye anaamka usiku kuinua godoro. Na aliye chini mara nyingi ndiye analipa kodi ndogo zaidi.

Ndio maana mfereji mkubwa zaidi kando ya lami si jibu peke yake. Unahamisha tu fujo kutoka kwa mlango wako hadi kwa mtu mwingine, na mwisho wa safari kuna Mto Nzoia na watu wa Budalang'i. Dawa ni ileile ya matuta, ikiletwa kwa mji: kata mbio, zamisha, hifadhi. Tangi la lita 5,000 linakaribia kujazwa na mvua mbili tu za aina hiyo kutoka kwa lile paa, na kama tangi lina maji ya jana bado, halina nafasi ya leo, kwa hiyo tumia, usiyaabudu. Yanayozidi yaelekezwe kwa shimo lililojazwa mawe yazame, mbali na msingi wa nyumba, na mbali kabisa na choo cha shimo na kisima, la sivyo utakuwa unachanganya usivyotaka kunywa. Kabro zipangwe zikiacha nafasi za mchanga au nyasi. Sehemu ya uwanja iachwe chini kidogo, yenye majani, maji yatulie saa chache kabla ya kuondoka. Halafu mtu azibue mtaro kabla ya mvua za Machi. Hii ya mwisho ndiyo huwa inatushinda. Fundi akishalipwa na nyumba ikishaingia wapangaji, mtaro unakuwa pa kutupia nailoni na maganda ya muwa.

Na nani anaamrisha sasa? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa mikononi mwa kaunti. Utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji, kwa maneno mengine matuta yaleyale ya 1944, nao uko kaunti. Kwa hiyo DC aliyekuwa akituma askari Kimilili hayupo tena. Kuna mwakilishi wa wadi unayempigia kura, na kuna vikao vya bajeti ambavyo mwananchi ana haki ya kuingia na kuuliza mtaro wa mtaa wake uko ukurasa gani. Masinde hakuwahi kupewa kikao kama hicho. Alipewa Mathari na Lamu.

Sisi tumepewa, na vijana wengi hatuendi. Tunangoja mvua inyeshe, tunapiga video ya boda ikielea, tunaiweka mtandaoni. Lakini kaunti nayo ikija na amri bila kuongea na watu, ikimwambia mama wa nyumba mbili za kupangisha abomoe simiti yake huku jengo la tajiri la orofa nne linamwaga maji yake yote barabarani bila kuguswa, itakuta watu wa Bungoma wanakumbuka vizuri sana namna ya kukataa. Kaguzi ianzie kwa paa kubwa. Na kama wewe ndio unajenga mwaka huu, mchoro wako unaonyesha choo, geti na pa kuegesha gari. Muulize aliyeuchora maji ya paa yanaenda wapi, kabla hujalipa mabati.