Swift na Mlango Mwembamba wa Nyama

Kila inapotajwa Burat, viungani mwa mji wa Isiolo, aghalabu husikosi habari za kichinjio kikubwa ambacho ujenzi wake ulianza katika miaka ya 2000, kisha ukasuasua kwa muda mrefu. Swali huwa lile lile: kitachinja ng'ombe wangapi kwa siku? Swali hilo lina upungufu, na ninayemwona akifaa kulirekebisha ni mchinjaji mmoja aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita.

Gustavus Swift alizaliwa mwaka 1839 katika rasi ya Cape Cod, nchini Marekani. Akiwa na umri wa miaka 14 aliingia kazini katika bucha ya kakaye. Baadaye babaye alimpa fedha kidogo, akanunua mtamba mmoja, akamchinja na kuichuuza nyama nyumba hadi nyumba. Mwaka 1875 alihamia Chicago, soko kuu la mifugo.

Huko ng'ombe hai walipakiwa katika garimoshi kwenda miji ya mashariki. Njiani walikonda, wengine wakafa, na zaidi ya nusu ya uzito uliolipiwa nauli haukuwa nyama ya kuuzwa. Wanaopakia ng'ombe katika malori kutoka Isiolo hadi Nairobi wanaijua hasara hiyo bila kufundishwa.

Swift akaazimia kuchinja Chicago na kusafirisha nyama. Kuchinja hakukumtaabisha, kwani mizoga ilining'inizwa na kupitishwa mbele ya wachinjaji, kila mmoja na mkato wake. Kilichomkwaza ni joto. Majira ya baridi nyama ilifika salama; majira yakibadilika, biashara ilisimama. Mwaka 1878 mhandisi Andrew Chase alimbunia behewa lenye barafu juu, hewa baridi ikishukia nyama. Hapo kikwazo kikahama. Kampuni za reli, zilizonufaika na nauli ya ng'ombe hai, zilikataa kuyavuta mabehewa hayo. Akaigeukia Grand Trunk, reli iliyozunguka kupitia Kanada na isiyotegemea mno mifugo hai. Barafu nayo ikayeyuka njiani, akajenga vituo vya kuijaza upya. Kisha wachinjaji wa mashariki wakaipinga nyama iliyochinjwa mbali. Baadhi yao akawafanya wabia.

Mwalimu anaweza kuandika ubaoni tarakimu za mfano tu: ukumbi unachinja ng'ombe 300 kwa siku, vyumba vya baridi vinapokea 100, malori yenye majokofu yanabeba 60. Uwezo wa kiwanda hicho ni 60. Ukiajiri wachinjaji zaidi, unaongeza nyama ya kuoza. Ukinunua malori ya kubeba 150, uwezo unapanda hadi 100 na kukwama vyumbani.

Swift alifariki Machi 1903, tajiri mkubwa. Simsifu kwa yote, maana kasi ya vichinjio vile iliwaelemea vibarua, na mwaka 1904 wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago waligoma kutetea ujira wao.

Nikirudi Burat, ningependa wakubwa waulizwe kwanza habari za umeme, maji, madaktari wa mifugo na malori ya baridi, kisha ndipo ukumbi. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Merti akikuta vyumba vimejaa na kuambiwa asubiri siku nne, mifugo hiyo italishwa nini, na kwa gharama ya nani?