Semei Kakungulu: Jemadari Aliyewaachia Vijana Kitabu

Katika historia ya Afrika Mashariki wako majemadari wengi walioteka nchi kwa bunduki, lakini ni wachache walioacha urithi usiotekeka. Mmoja wao ni Semei Kakungulu wa Uganda, mtu aliyekuwa mwindaji wa tembo, akawa amiri wa majeshi, na akafariki akiwa mwalimu wa dini ya Kiyahudi.

Kakungulu alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika nchi ya Koki, jirani ya Buganda. Alipoingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga alijifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, akabatizwa. Vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888, ushujaa wake ulimpandisha cheo haraka, hata akawa mshindani wa Katikiro Apolo Kagwa. Mwezi Aprili 1899 askari wake walikuwa miongoni mwa waliowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Wafalme hao wawili, waliokuwa wakiwapinga Waingereza, walihamishiwa Shelisheli.

Baada ya hapo Kakungulu aliitiisha nchi ya Bukedi, mashariki ya Uganda. Alijenga ngome, akafungua barabara na kuweka machifu wa Kiganda juu ya wenyeji, ambao waliumia sana kwa utawala huo. Alitumaini kwamba Waingereza wangemtambua kuwa mfalme wa Bukedi. Lakini mkoloni hamthamini amtumikiaye. Mara kazi ilipokwisha, alinyang'anywa ngome yake ya Budaka, akahamia Mbale, mji ambao yeye ndiye aliyeuanzisha. Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu. Mwaka 1913 cheo hicho nacho kikamponyoka.

Hapo ndipo alipojitenga na mabwana zake wa zamani. Kwanza alijiunga na kundi la Malaki, waumini walioshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Huku nyuma aliendelea kuisoma Biblia ya Kiganda, na kila alipoisoma aliona kuwa amri za Musa hazikutanguliwa. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe. Wenzake wa Malaki walipolalamika kwamba huo ni mwendo wa Kiyahudi, alijibu kuwa basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Akaenda kukaa Gangama, chini ya mlima Elgon, pamoja na wafuasi wake walioitwa Abayudaya.

Imani ya kundi hilo bado ilichanganyika na mambo ya Kikristo. Mwaka 1920 alifika kwao Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akakaa miezi kadhaa akiwafundisha sikukuu, sala na sheria za chakula. Kakungulu alitambua kwamba elimu ya mgeni huondoka na mgeni isipotiwa katika vichwa vya vijana. Kwa hiyo alianzisha chuo cha kuwafunza waalimu, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiganda, chenye kurasa zipatazo 90, cha sala na maongozi ya dini. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, uliipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, wengi wakabadili dini, na waliobaki wakasali kwa siri. Amin alipong'olewa mwezi Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, walibaki Abayudaya mamia machache tu. Katika miaka ya 1980 vijana wao ndio walioshika kazi ya kuwakusanya tena watu, kujifunza Kiebrania na kufufua ibada. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu urabi huko Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Karibu na Mbale ipo shule ya sekondari yenye jina la Kakungulu, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu husoma pamoja.

Wabajuni wa Fuma na visiwa jirani, ambao wengi wao walitawanywa na vita vya Somalia tangu mwaka 1991, watalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kisiwa chaweza kuhamwa kwa usiku mmoja, bali dini na lugha huhama na mtoto aliyefundishwa.

Kwa askari na polisi, maisha haya yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba nchi yote aliyoiteka Kakungulu kwa ajili ya wageni ilimtoka mkononi, lakini kile alichowafunza vijana hakuna aliyeweza kumnyang'anya. La pili ni kwamba amri ya kufunga nyumba ya ibada yaweza kutekelezwa kwa kufuli moja, lakini hakuna kufuli la kufunga moyo wa kijana anayejua asili yake. Mlinzi wa raia hulinda na sala zao.